Taa Aliyoizima Fundi Nicodemo

Fundi Nicodemo Hhando wa Mbulu mjini hakuwa na neno "sijui" kinywani mwake. Ungeweza kumpelekea trekta, pikipiki, mashine ya kusaga au redio ya bibi yako. Angeizunguka mara mbili, angeinama, angesikiliza, kisha angekuambia tatizo ni hili hapa. Na mara nyingi alipatia, tusimnyime haki yake. Alikuwa na sikio. Alikuwa na pua pia, na pua ndiyo iliyomponza.

Alizaliwa Tlawi, katika nyumba ya wakulima wa ngano na maharage, watu wa kanisa na ng'ombe wachache. Ufundi hakuupata huko. Aliupata Dodoma, alikokwenda akiwa na miaka kumi na tisa, akakaa miaka minane chini ya fundi mmoja mnene mwenye hasira za karibu. Dodoma ni jua. Magari yalikuwa yakichemsha kila siku, na yule mnene alikuwa na dawa moja kwa yote: anafungua, anachomoa thamostati, anaitupa, anafunga. Thamostati ni kidude kidogo kinachokaa kwenye njia ya maji ya injini. Maji yakiwa baridi kinaziba ili injini ipate joto lake. Yakishapata moto kinafungua, maji yaende kwenye rejeta yakapoe. "Huku kwetu maji yapoe muda wote," alisema yule fundi. "Hicho kidude waliwekewa watu wa barafu." Vijana wote wa gereji walicheka, na Nicodemo akalishika somo kama mtu aliyeshika sala ya jioni.

Akarudi nalo Mbulu. Sasa Mbulu si Dodoma, hata mtoto mdogo anajua hilo. Mwezi wa sita na wa saba huku watu wanavaa makoti mawili, ukungu unalala barabarani mpaka saa nne, na mwanamke anayekamua ng'ombe asubuhi anapuliza vidole kwanza. Lakini jambo ulilofundishwa ukiwa kijana unaweza kuzeeka nalo bila kuliuliza swali hata moja. Kwa miaka thelathini na zaidi Nicodemo alichomoa thamostati za magari ya Mbulu, na wateja walimshukuru, maana ni kweli magari yaliacha kuchemsha. Injini za zamani zilivumilia ile baridi kimyakimya. Hazikuwa na kompyuta ya kulalamika.

Gereji yake ilikuwa kando ya barabara, ikitazamana na kijiwe cha bodaboda. Pale kijiweni, kwenye kibanda cha mabati, alikaa shemeji yake Gidamis, akiuza petroli kwa lita. Gidamis alikuwa Mbarbaig wa Mogitu, kule Hanang, mrefu, mpole, mwenye kucheka polepole kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Alimwoa Gaudensia, dada wa mwisho wa Nicodemo, na Nicodemo hakuipenda ndoa ile. Alitaka mtu wa Tlawi, mtu wa nyumba anayoijua. Hakusema hadharani, alikula pilau ya harusi kama wengine na akatoa zawadi ya mbuzi. Miaka ikapita, wakazoeana, wakawa wanakula makande ya mchana kwenye sahani moja. Ungemuuliza Nicodemo angekuambia kile kijiba cha moyoni kilikwisha zamani. Angekuambia hivyo bila kupepesa macho, na angekuwa anajidanganya.

Mwaka 2018 alihamishiwa hospitali ya Mbulu muuguzi mmoja, Severina, mwenyeji wa Bukoba. Alikuja na gari lake dogo jeupe la Kijapani, kuukuu lakini limetunzwa, na lilipokuwa likipanda mlima wa Magara likachemsha. Alifika Mbulu na moshi chini ya boneti na machozi yakimlengalenga. Kulipokucha watu wakamwelekeza kwa Nicodemo.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, binti. Zima, fungua boneti, kaa hapo kwenye benchi."

Ilikuwa kazi ya nusu saa. Alichomoa thamostati, akaitumbukiza kwenye kopo, akafunga, akajaza maji. Gari halikuchemsha tena. Severina akasambaza sifa za fundi hospitali nzima, na fundi akazipokea.

Wiki tano baadaye, baridi ya mwezi wa sita imekolea, Severina akarudi. Kwenye dashibodi ilikuwa imewaka taa ya njano yenye picha ya injini, ile ambayo watu wa mjini wanaiita cheki injini. Tena gari lilikuwa linakunywa mafuta kama lina kiu ya miaka. Nicodemo akafungua plagi za injini. Zilikuwa nyeusi tii, zimejaa masizi.

Hapo ndipo. Kama kuna dakika moja ambayo Nicodemo angeirudisha, ni hiyo. Vijana wa bodaboda kama sita walikuwa wamesogea kuangalia, maana boneti ikifunguliwa watu husogea tu. Severina alikuwa amesimama na pochi kifuani, anasubiri. Nicodemo hakujua ile taa ilisema nini. Hakuwa na kifaa cha kuisoma, na magari yenye kompyuta yalikuwa bado yanamtisha kidogo. Angesema, "Hili sijui, lipeleke Babati." Badala yake akaipeleka plagi puani, akafumba macho, akavuta.

"Mafuta unanunua wapi?"

"Siku hizi kituo kinakaukiwa. Nanunua kwa shemeji yako pale."

Nicodemo akanusa tena. "Haya yamechakachuliwa," akasema. "Haya yana mafuta ya taa. Pua yangu haijawahi kunidanganya."

Alisema kwa sauti yake ya kawaida, ambayo ilikuwa kubwa. Hakutazama upande wa pili wa barabara, lakini wale vijana sita walitazama. Mpaka jioni habari ilikuwa imefika sokoni, na kama kawaida ya habari, ilipofika sokoni ilikuwa imeongezwa chumvi: kwamba Gidamis anachanganya nusu kwa nusu, kwamba pikipiki tatu zimekufa injini, kwamba shemeji yake mwenyewe ndiye aliyemkamata.

Kesho yake asubuhi Gidamis alivuka barabara. Alisimama mlangoni mwa gereji, kofia mkononi.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba."

"Nimesikia ulilosema. Sina ugomvi. Nauliza kitu kimoja tu. Una hakika?"

Nicodemo alikuwa chini ya lori. Hakutoka. Usiku ule roho ilikuwa imemsuta kidogo. Alikuwa amejiuliza kama kweli alinusa mafuta ya taa au alinusa kile kijiba chake cha zamani. Mtu anaweza kuwa na shaka usiku na asubuhi akaimeza pamoja na chai.

"Nina hakika," akajibu kutoka chini ya lori.

"Haya," akasema Gidamis. "Basi sawa."

Hakuongeza neno. Ndani ya wiki mbili hakuna bodaboda aliyenunua hata lita moja pale kibandani. Mwezi haujaisha, Gidamis akafunga, akampakia mkewe na vyombo kwenye lori la mahindi, wakateremka Mogitu kulima.

Miaka sita ikapita hivyo. Gaudensia, aliyekuwa akipita gerejini kila Jumapili baada ya misa, hakurudi tena Mbulu ila mara moja, mama yao alipofariki. Alikuja peke yake. Alilala siku mbili, akaosha vyombo vya msiba nyuma ya nyumba, akamwamkia kaka yake akiwa ameinamisha uso, akaondoka. Nicodemo alijiambia kwamba ana kinyongo kwa ajili ya mumewe, na kwamba kinyongo kikikomaa kitaanguka chenyewe. Akaendelea na kazi.

Na lile gari jeupe? Taa haikuzimika. Severina alianza kununua mafuta kituoni tu, na taa ikabaki inawaka. Hilo peke yake lingetosha kumwambia fundi kitu. Lakini Nicodemo alikuwa na jibu: yale mafuta mabaya yalikuwa yameshaua sensa, kidude kinachoipa kompyuta taarifa. Akabadilisha sensa. Taa ikarudi. Akawa anachomoa waya wa betri, anahesabu dakika kumi, anarudisha, na taa inazimika siku nne, tano. Severina anafurahi, taa inawaka tena, anarudi. Kila alipochomoa ule waya alikuwa anaifuta kumbukumbu yote ambayo kompyuta ilikuwa imeiandika, yaani alikuwa anamziba mdomo shahidi kila alipotaka kusema. Mwisho akaibandika ile taa utepe mweusi. "Gari linatembea?" alimuuliza Severina. "Linatembea." "Basi hiyo taa isikuumize kichwa."

Mwezi wa saba mwaka 2024 Severina alikwenda semina Arusha. Siku chache baada ya kurudi alikuja gerejini asubuhi, akitokea kazini kliniki ya Tlawi, na mkononi alikuwa na kidude cheusi kidogo cha kuchomeka chini ya usukani.

"Shikamoo, fundi. Angalia nilichonunua. Kinaongea na simu. Daktari mmoja wa Arusha amenionyesha. Kinakuambia taa imewaka kwa sababu gani."

"Hivyo vidude vinadanganya," alisema Nicodemo, lakini alifuta mikono na kusogea.

Severina akabandua utepe mweusi, akachomeka, akawasha simu. Walisubiri vichwa vyao vikiwa karibu, kama watu wanaosoma barua moja. Ikatokea herufi na namba, P0128, na chini yake maelezo ya Kiingereza. Severina akayasoma taratibu kwanza, kisha akayaweka kwa Kiswahili.

"Inasema maji ya injini hayafikii joto linalotakiwa. Injini ni ya baridi mno. Inasema..." akasita, akasogeza kwa kidole. "Inasema kagua thamostati. Fundi, thamostati yangu iko wapi?"

Nicodemo akaomba ile simu, na Severina akamwonyesha mahali inapoonyesha joto la maji wakati huohuo. Nyuzi hamsini na nane. Gari lilikuwa limetoka Tlawi, limepanda na kushuka, na injini ilikuwa na nyuzi hamsini na nane, wakati ilitakiwa kuzidi themanini.

Alikuwa fundi kweli. Ndiyo maana hakuhitaji kuelezwa zaidi. Mambo yalipangika kichwani mwake moja baada ya jingine na hakuweza kuyazuia. Injini ikiwa ya baridi, kompyuta inadhani ndiyo kwanza imewashwa, inaongeza mafuta. Mafuta yakizidi hayaungui yote. Yanabaki masizi kwenye plagi. Gari linakunywa sana. Taa inawaka. Baridi ya mwezi wa sita inazidisha. Hakukuwa na mafuta ya taa mahali popote katika hesabu hiyo. Kulikuwa na mkono wake tu.

"Ni mimi niliyeitoa," akasema. "Ile siku ya kwanza. Ulipotoka Magara."

Severina hakuwa mtu mwenye makali. "Lakini si ulisema ni mafuta ya shemeji yako?"

"Nilisema."

"Mimi niliwaambia watu hospitali nzima wasinunue kwake." Akashika kifua. "Fundi, mimi nilisema kwa sababu ulisema wewe."

Hilo lilimuuma kuliko namba ya kwenye simu.

Hata hivyo hakukimbilia Mogitu siku ileile. Nisimpambe. Alijipa kisingizio cha kitaalamu, kwamba lazima ahakikishe kwanza. Akaagiza thamostati Babati, ikaletwa na kondakta wa basi siku iliyofuata, akaifunga. Akafuta masizi kwenye plagi, akazima taa kwa kile kidude, akamwambia Severina atembee wiki mbili. Moyoni, na hili alilikiri baadaye kwa mkewe, alikuwa anaomba taa iwake tena. Alikuwa anaomba gari libaki bovu ili yeye abaki na haki.

Taa haikuwaka. Wiki mbili zilipotimia alifungua plagi, akazikuta na rangi ya kahawia safi, kama ganda la mkate. Mafuta yaleyale ya kituoni, plagi zilezile, na hakuna masizi. Alikaa kwenye benchi la wateja akaishika plagi moja mpaka ikapoa mkononi.

Alivuka barabara kwanza. Pale kijiweni vijana wengi walikuwa wapya. Wa zamani alikuwa amebaki Patriki tu, sasa mtu mzima mwenye pikipiki mbili.

"Patriki," alisema Nicodemo, na alisema kwa nguvu ili wote wasikie, "yale mafuta ya Gidamis yalikuwa mazima. Nilikosea mimi."

Patriki alimtazama bila kuelewa. "Gidamis gani, mzee? Yule wa mafuta ya taa?"

Basi hilo ndilo jina walilokuwa wamembakizia. Nicodemo alirudi gerejini, akamwambia mkewe kwenye simu kwamba kesho hatafungua.

Alikuwa na namba ya Gidamis. Angeweza kupiga. Lakini jambo ulilolisema kwa mdomo wako mbele ya watu huwezi kulirudisha kwa simu, na alijua angesikia sauti ya dada yake kwa mbali akakata. Alipanda basi la asubuhi mpaka Babati, akachukua jingine la Katesh, akashuka Mogitu jua likiwa limepanda vizuri. Njia nzima alikuwa anapanga maneno. Alijiandaa kutukanwa. Kusema kweli alikuwa anautamani ule ugomvi. Alitaka Gidamis asimame, apaze sauti, amwite mwongo mbele ya majirani, kisha waanze upya. Kwa mtu mwenye kosa, kutukanwa ni nafuu.

Alimkuta Gidamis anarekebisha uzio wa zizi. Nywele zilikuwa zimeanza kuwa na mvi. Alipomwona mgeni wake aliacha panga chini, akaja haraka, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Habari za siku nyingi?"

"Nzuri. Karibu. Karibu sana." Akaleta kiti, kile kimoja chenye mikono, yeye akakaa kwenye gogo. "Gaudensia yuko shambani, anavuna maharage. Anarudi sasa hivi. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Nimekuja kusema jambo."

Akalisema. Alianza mbali, Dodoma, kwa yule fundi mnene. Akaeleza thamostati, baridi, kompyuta, masizi, kidude cha Severina. Gidamis alisikiliza bila kumkatiza, viwiko juu ya magoti, akiangalia ardhi.

"Kwa hiyo hayakuwa na mafuta ya taa," akasema Gidamis.

"Hayakuwa nayo."

"Hata kidogo?"

"Hata tone, shemeji. Nimekukosea. Nilikupaka matope mbele ya watu, nikakuua kazi. Ukinifukuza hapa nitakwenda."

Gidamis hakupaza sauti. Alikuwa anasugua viganja vyake polepole, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa kwamba barabara aliyopita miaka yote haikuwa ya kwenda kwake.

"Nikufukuze kwa nini? Mimi nilikuamini," akasema. "Nilikuja nikakuuliza kama una hakika. Ulipojibu, nikajua ni kweli, kwa sababu wewe hukosei. Nikarudi nyumbani, nikatafuta yametoka wapi. Mimi sikuwa nimechanganya. Nikasema, basi ni pipa."

"Pipa lipi?"

"Pipa la kuhifadhia. Lilikuwa nyumbani, nyuma ya jiko. Tulilinunua kwa mwenye duka, na yeye alikuwa anawekea mafuta ya taa. Nilisema limebaki na mafuta ya taa ndani, halikuoshwa sawasawa. Nikaogopa nimeharibu pikipiki za watu. Ndiyo maana nikafunga, nikaondoka. Nilikuwa naona aibu, shemeji. Sikuwa na hasira na wewe hata siku moja."

Nicodemo alikuwa amesafiri asubuhi nzima na swali moja tu, kama atasamehewa, na sasa lilikuja jingine ambalo hakulipanga.

"Nani aliliosha hilo pipa?"

Gidamis aliangalia upande wa shamba. "Gaudensia," akasema.

Hawakutazamana.

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia. Sikumpiga, Mungu anajua, sijawahi kumpiga. Lakini mahindi yalipokauka, nilimkumbusha pipa. Mwanetu Hilary alipokosa ada, akakaa nyumbani muhula mzima, nilimkumbusha pipa. Mama yangu naye alikuwa anamwita mke aliyemwaga kazi ya mumewe. Sikumkataza. Na kwako alikuwa haji kwa sababu hiyo. Alisema alikutia aibu. Alisema, 'Kaka yangu ilibidi amtangaze shemeji yake kwa uzembe wangu.'"

Nicodemo alishika mikono ya kile kiti. Siku mbili za msiba wa mama yao zilimrudia, dada yake ameinama juu ya masufuria ya watu nyuma ya nyumba, akiosha na kuosha, na yeye amepita karibu naye mara ngapi, ameshiba uhakika wake, akisema moyoni: acha anune, atanyamaza.

Gaudensia akatokea kwenye kijia akiwa na gunia la maharage kichwani. Alikuwa amekonda. Alipomwona kaka yake alilishusha haraka, akafuta mikono kwenye kanga, akasogea akiwa na tabasamu la wasiwasi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Gaude."

"Umetushtukiza. Ngoja nibandike chai, maji yapo, si muda."

"Kaa kwanza, mama Hilary," akasema Gidamis. "Kaka yako ana neno."

Tabasamu likamwisha. Akakaa chini kwenye nyasi, miguu imekunjwa upande, macho kwenye mapaja yake, kama mtu aliyeitwa kwenye baraza la ukoo kujibu mashtaka ambayo tayari anayajua. Nicodemo akarudia. Mara hii ilikuwa fupi. Hakusema Dodoma, hakusema baridi, hakusema kompyuta. Alisema, "Yale mafuta yalikuwa mazuri, Gaude. Hayakuwa na kitu. Gari niliharibu mimi, na nilipoulizwa nikasema uongo kwamba nina hakika."

Gaudensia alichukua muda kuelewa. Alimwangalia mumewe, akamwangalia kaka yake, akarudi kwa mumewe.

"Kwa hiyo pipa nililiosha vizuri?"

"Uliliosha vizuri," akasema Nicodemo.

"Nililiosha mara tatu," akasema Gaudensia. "Kwa sabuni, halafu kwa majivu, halafu nikaliacha juani mpaka harufu ikaisha. Nilisema hivyo mwaka ule wa kwanza. Nilikuwa nasema kila siku." Akachuma jani moja la nyasi, akalikunja. "Baadaye nikawa sina uhakika tena. Nikaanza kukumbuka kwamba labda nililiosha mara mbili."

Wanaume wawili walikuwa wameinamisha vichwa, kila mmoja akimngoja mwenzake aanze kumwomba Gaudensia msamaha.